Alama Niliyoiona Shingoni mwa Mkeo

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Nakuandikia ukiwa umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na mizigo yenu iko ukumbini imekwisha kufungwa kamba. Ya chakula, ya nguo, ya kunipigia simu mkifika Mtwara, yote nimekwambia mpaka umechoka kunijibu "sawa mama", kwa hiyo humu hayamo. Humu limo jambo ambalo mama wa huku kwetu hamwambii mwanawe wa kiume. Baba yako angekuwa hai ningemwachia yeye, akuchukue mkitoka msikitini, mtembee kidogo, akwambie. Hayupo. Mjomba wako Athumani nikimweleza atakupiga kwanza ndipo aulize. Nimebaki mimi. Nakuonea haya, nawe ukisoma utanionea haya, lakini sina namna nyingine.

Leo asubuhi Salma alikuwa ananisaidia kukaanga samaki wenu wa safari. Joto la jikoni likamzidi, akalegeza ushungi ajipepee. Nikaona alama shingoni mwake. Upande mmoja ilikuwa moja, nene. Upande wa pili zilikuwa kadhaa, nyembamba, zimepangana. Hata mtu asiyeona vizuri angejua kuwa hapo palikaa mkono wa mtu. Akaniona ninavyomtazama, akaufunga ushungi haraka.

"Salma," nikamwambia, "nani amekukaba?"

"Hakuna mtu, mama."

"Mligombana?"

"Wallahi mama, hatujagombana. Idrisa hajawahi hata kunipandishia sauti." Akainamisha uso juu ya karai. "Ni mchezo tu. Tuliona kwenye filamu."

Angeniambia mmegombana ningekasirika. Ningekuita, ningekusema mpaka majirani wasikie, na pengine ningelia. Aliposema filamu sikukasirika. Niliingiwa na baridi mwilini, mbele ya moto. Nikaepua karai, nikazima jiko, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Maneno hayo niliwahi kuyasikia, Idrisa. Niliyasikia hospitalini, kwa mtu mwingine, na ningali nayasikia.

Mama mdogo wako Mwantumu, unayemjua tangu ukiwa mtoto kwa mguu wake wa kuburuta na mkono wa kulia alioukunja kifuani, hakuzaliwa hivyo. Wewe uliambiwa kuwa alipitiwa na upepo mbaya. Ni mimi niliyekwambia, na mtaa wote wa Dunda uliambiwa vivyo hivyo, ukakua na habari hiyo. Leo nimemwomba ruhusa nikueleze ilivyokuwa. Aliweka chini kitambaa alichokuwa akikunja. Halafu akasema, "Mwambie."

Mwantumu ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa msichana wa maneno mengi. Akiingia nyumbani kwa mtu alisikika tangu barazani, na kwenye shughuli za watu ndiye aliyeitwa kuimba, kwa sababu sauti yake ilijaa ua mzima. Ukimwona leo anavyotafuta neno moja mpaka machozi yanamlengalenga, najua huwezi kuamini. Aliolewa na kijana anaitwa Shabani, mwenye duka dogo karibu na stendi. Aliuza chaja, kava za simu na spika za redio, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaingizia watu filamu kwenye flashi na memori kadi. Vijana walipanga foleni dukani kwake kila Ijumaa jioni. Za mapigano, za mapenzi, za kila nchi, alikuwa nazo zote, na zote alizitazama yeye mwenyewe kabla ya kuziuza.

Nataka umfahamu Shabani vizuri, usije ukamtia kwenye kundi la watu wabaya ukajiweka wewe mbali naye. Hakuwa mlevi. Hakuwa mgomvi. Alimbebea mke wake ndoo ya maji mbele ya wanaume wenzake, wakamcheka, asijali. Mimi nilikuwa nikiwaambia wanawake wenzangu kuwa mdogo wangu amepata mume. Na nilisema kweli.

Walikuwa bado hawajamaliza mwaka wa pili wa ndoa tulipokuwa na hitima ya babu yako. Mwantumu alikuja mapema kunisaidia. Ilikuwa kipindi cha joto, ile kaskazi ambayo hata kivulini mtu anatoka jasho, naye kajifunga mtandio shingoni kama mtu aliye na homa. Nikamsalimu, akanijibu kwa sauti iliyokwaruza.

"Umefanyaje koo?"

"Barafu, dada. Nimekunywa maji ya barafu."

"Na huo mtandio?"

Akacheka. "Nywele za shingoni hazijasukwa vizuri."

Nikaridhika. Tulipokula nilimwona anameza pilau kama anameza mawe, kila tonge analisukuma kwa maji. Alisema kichwa kinamuuma upande mmoja, na shingo nayo inavuta. Nikampa vidonge vya kichwa, nikamwambia alale kidogo. Baada ya hapo nilimtania mbele ya watu kuwa huenda ana mimba, watu wakapiga vigelegele. Alitabasamu. Vile vigelegele vinaniuma mpaka leo.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja, wewe ukiwa mdogo bado, umelala ndani, alikuja kwangu kunirudishia sufuria alizoazima. Nilikuwa naanika nguo uani. Akasimama kunipa vibanio, ananipa kimoja kimoja tukizungumza. Ghafla vibanio vikaanguka chini vyote. Nikamwambia, "We Mwantumu, umelala?" Akautazama mkono wake wa kulia kama anautazama mkono wa mtu mwingine. Akafungua kinywa anijibu, ikatoka sauti isiyokuwa neno. Akajaribu tena. Upande mmoja wa uso wake ukashuka mbele ya macho yangu, polepole, na kabla sijamfikia alikuwa amekaa chini kwenye matone ya maji ya nguo, mguu umejikunja vibaya, na macho yake yananiomba jambo nisilolijua.

Nilipiga kelele. Majirani wakaja. Mmoja akasema huo ni upepo, umempitia uani, asipelekwe hospitali kabla hajasomewa kwa sababu akichomwa sindano atakufa. Wote wakaitikia. Nami nikaitikia, Idrisa. Nilikuwa nimeona mtu mzima anashikwa kiungo kwa kiungo bila kuguswa na kitu, na kichwani mwangu hapakuwa na jina lingine la jambo lile. Tukamlaza mkekani, tukamfukiza ubani, akaitwa mwalimu kuja kumsomea na kumwandikia kombe la kunywa. Jua likapanda, na yeye yuko pale mkekani anatokwa na mate upande mmoja.

Mtu alikuwa amekwenda kumwita Shabani dukani. Alipoingia na kumwona, hakuuliza ameanguka wapi wala ameanza saa ngapi. Uso wake uligeuka rangi ya majivu. Akasema, "Hospitali. Sasa hivi."

Nikamwambia, "Shemeji, subiri mwalimu amalize."

"Shemeji, nakuomba. Sasa hivi." Akamnyanyua mwenyewe mikononi, akatoka naye mpaka kwenye bajaji, na mimi nyuma yake bila viatu. Njiani nilishangaa tu kwa nini mtu huyu anatetemeka kama aliyeua.

Hospitalini alitupokea daktari mmoja mwanamke, kijana. Akampima presha, akamgusa mikono na miguu, akamwambia acheke, akamwambia ainue mikono. Akauliza kama ana sukari, kama ana presha, kama ameanguka. Tukasema hapana. Akauliza, "Shingoni je? Amewahi kuumia shingo siku hizi za karibuni?"

Shabani akasema, "Hapana."

Daktari akaufungua mtandio. Alama zilikuwa zimeanza kugeuka njano, lakini zilikuwepo. Mjomba wako Athumani, aliyekuwa amefika wakati huo, akaziona pamoja nasi. Alimrukia Shabani palepale, na manesi wakasaidiana kumtoa nje. Tukabaki ndani daktari, Shabani na mimi niliyekuwa nimeushika mkono wa mdogo wangu, ule uliokuwa bado wake.

Daktari hakupaza sauti. Alimwambia, "Kaka, nisikilize. Sasa hivi sikuulizi ili nikufunge. Nakuuliza kwa sababu nisipojua kilichompata nitatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, na huyu hana muda wa kusubiri. Alikabwa?"

Shabani alipiga magoti. "Nilimkaba mimi. Lakini si kwa ugomvi, daktari. Wallahi si kwa ugomvi. Ni mambo ya chumbani. Tuliona kwenye muvi."

"Mliona, au uliona?"

"Niliona."

"Yeye alisema nini?"

"Mara ya kwanza alicheka." Akajishika kifundo cha mkono kuonyesha. "Mara ya mwisho alinishika mkono, akaukaza. Nikadhani anafurahi."

Sikuelewa. Nilikuwa mwanamke mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, nimefundisha wari wa watu mambo ya ndani, na sikuelewa alichokuwa anakisema. Mtu amkabe mke wake koo kwa mapenzi? Daktari akanieleza kwa lugha ya kawaida kabisa, na mimi nakueleza wewe kama nilivyoelezwa.

Shingoni imepita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Haiko mbali, iko chini ya ngozi tu, mtu akijigusa anaisikia inapiga. Mkono ukiibana, mambo mawili hutokea. La kwanza, ubongo unakosa damu na hewa palepale, na hauhitaji muda mrefu. Mtu anaweza kuzimia kabla aliyemshika hajajua, na anaweza asizinduke. La pili ndilo lililompata Mwantumu. Mshipa ukibanwa, ngozi yake ya ndani inaweza kuchanika bila mtu kuona tone la damu. Pale palipochanika damu inaganda. Mtu anaamka, anapika, anakwenda kwenye hitima, anacheka na watu, na kile kipande cha damu kiko shingoni mwake kimekaa. Siku kikichomoka kinapanda kichwani, kinaziba. Hicho ndicho kiharusi, na kinampata msichana mwenye afya yake kama kinavyompata mzee.

Shabani akauliza, "Kwani nilikaza sana, daktari? Sikukaza sana."

Daktari akamjibu, "Hakuna anayejua shingo ya nani itavumilia nini. Wewe hujui, yeye hajui, na mimi niliyesoma sijui. Hakuna namna ya kulifanya jambo hili likawa salama."

Gari la wagonjwa likatupeleka Dar usiku ule ule. Kwa sababu Shabani alikuwa amesema kweli, kule walimpiga Mwantumu picha ya kichwa na ya shingo pia, wakaliona lile jeraha la mshipa, wakampa dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda. Waliniambia tungekaa kimya wangetibu kichwa peke yake, na kipande kingine kingemfuata. Waliniuliza pia alianza kulegea wakati gani na tulimfikisha hospitali wakati gani. Nilipowajibu walitazamana, wakaandika. Nilikuwa nimeshajua kuwa ile asubuhi ya ubani ilikuwa imekula kitu ambacho hakirudi.

Alikaa wodini mpaka nikawajua wagonjwa wote kwa majina. Maneno yalianza kumrudia moja moja, mengine yakikosea njia; akitaka maji anasema mlango, akikosea analia. Mjomba wako alitaka kesi. Polisi walikuja kuchukua maelezo, na Mwantumu kwa neno lake lililovunjika aliwaambia hataki. Shabani alifunga duka, akawa analala nje ya wodi chini ya mti pamoja na jamaa wa wagonjwa wengine. Alimfulia nguo zake kwa mikono yake. Sikumsemesha.

Siku moja nilikuwa namwosha, tuko wawili, akaniambia yaliyobaki. Alichukua muda mrefu kuyatoa, na mimi nayaandika kwa kuyanyoosha.

"Dada, mara ya kwanza nilicheka ili asinione mshamba. Alisema wenzetu wanafanya hivi. Mara ya pili nilizimia. Nilipozinduka alikuwa ananipepea kwa leso, kaogopa, halafu akacheka, nami nikacheka. Siku ile ya mwisho nilitaka kumwambia basi. Nilimshika mkono nimwambie basi. Lakini aliyekabwa koo, dada, anasema basi kwa sauti gani?"

Nimelirudia swali hilo kila mwaka tangu siku ile. Nawe Idrisa, weka kitabu cha dini pembeni, weka maneno ya watu pembeni, nijibu hilo tu. Utajuaje kuwa mkeo anataka uache, na wewe ndiye umeshika mahali sauti inapotokea?

Mwantumu aliporudi nyumbani aliomba talaka, na Shabani akampa, akilia mbele ya wazee. Hakumlaumu. Alisema tu kuwa kila mkono wa mtu ukimkaribia usoni, hata wa nesi, hata wangu, mwili wake unaganda, na hawezi kuishi na mume akiwa hivyo. Ndipo alipohamia chumba kile cha uani ambacho wewe ulikizoea kama chake tangu milele. Hakuimba tena. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimwomba akuimbie, anakupapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, wewe unakwenda zako.

Shabani alihamia Pangani. Nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, stendi ya Bagamoyo. Amekuwa mzee kabla ya umri wake. Akanisalimu kwa adabu, nikaitikia. Kisha akaniambia, "Shemeji, kwenye ile muvi yule mwanamke aliamka. Alichana nywele, akanywa kahawa. Mimi nilikuwa nasubiri tu aamke anywe kahawa." Akafuta uso kwa kofia yake. "Nilikuwa nampenda, shemeji."

Nikamwambia, "Najua."

Na ndilo linalonitisha, mwanangu. Angekuwa hampendi ningelala vizuri. Ningekwambia usiwe mkatili, na wewe si mkatili, tungemaliza. Lakini Mwantumu hakuumizwa na chuki. Aliumizwa na mwanamume mpole aliyeona jambo kwenye kioo cha simu, akaona watu wazuri wanalifanya, hakuna aliyeumia, akadhani ndiyo mapenzi ya siku hizi. Yule wa kwenye filamu aliamka kwa sababu hakukabwa. Alilipwa alale, akalala. Aliambiwa aamke, akaamka, na pembeni yake kulikuwa na watu wazima wenye kamera na taa waliopanga kila kitu. Chumbani kwako hakuna watu hao. Mko wawili, mlango umefungwa, na kitakachochanika hakitafanya kelele.

Enzi za Shabani mtu alikwenda dukani, akapanga foleni, akaona aibu kidogo. Leo mambo hayo yamo mfukoni mwako na mfukoni mwa kila kijana anayepita hapa nje. Mengi wala hayamo kwenye zile picha chafu. Yamo kwenye tamthilia za kawaida ambazo watu wanatazama sebuleni na watoto wao. Nimewasikia wasichana wanaokuja kwangu kushonewa nguo za harusi wakiulizana, wanacheka, kama mume wa mwenzake naye anafanya hivyo. Wanalitaja kama wanavyotaja mtindo wa kusuka. Nami nimekaa kwenye cherehani yangu, namsikia Mwantumu nyuma yangu ameacha kukunja vitambaa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilinyamaza. Niliona ni siri ya mdogo wangu na aibu ya nyumba, nikakulea katika nyumba iliyokuwa na jibu, nikakuficha jibu. Uliishi na mama mdogo wako, ukala naye sinia moja, na jana au juzi ukaweka mkono wako pale pale.

Sasa nikwambie nilichokifanya leo. Ulipokuwa unatoka kwenda kukata tiketi nilikudanganya kuwa nampeleka Salma kuchagua kanga. Tulikwenda hospitali. Nilimwambia njiani kwa nini, akalia kidogo, kisha akaniambia kuwa naye sauti imemkwaruza tangu jana, na kwamba aliona giza machoni, "kidogo tu, mama." Kidogo tu. Daktari alimpima akamtazama macho na koo, akatuandikia twende Dar kesho akapigwe picha ya shingo, asingoje. Alisema wapo wanaoumia ndani bila hata alama nje, na mwenye alama asibahatishe. Akamtajia mambo ya kuogopa: kichwa kuuma upande mmoja, shingo kuuma, kumeza kwa shida, sauti kubadilika, kuona maluweluwe, mkono au mguu kufa ganzi, maneno kupotea. Likitokea lolote, hata baada ya siku nyingi, ni hospitali moja kwa moja, na daktari aambiwe ukweli wote bila kuona haya. Nakuandikia ili nawe uyajue. Mume ndiye anayekuwa karibu.

Tulipotoka nilimwuliza Salma swali ambalo hakuna aliyemwuliza Mwantumu. Nilimwuliza, "Wewe ulilitaka jambo hili?" Alitembea mpaka tukapita soko la samaki ndipo akanijibu. "Sikulitaka, mama. Lakini nilidhani nikikataa ataona sijui mapenzi."

Mwanangu, sikuchukii. Nimekuzaa, nakujua. Najua ukisoma hapa umekaa chini, na mikono yako unaitazama. Itazame. Ni mikono mizuri, ni ya baba yako. Lakini sitakupa mtoto wa watu uende naye mbali, mahali ambapo siwezi kusikia mlango ukigongwa, kabla sijajua shingo yake ni nzima.

Kwa hiyo chumbani kwenu hutamkuta. Yuko chumbani kwangu, amelala, na Mwantumu amekaa naye. Usigonge. Hakukukimbia, amesema mwenyewe anataka kubaki, na nimemwahidi kuwa hakuna atakayemharakisha. Kesho mimi na yeye tutakwenda Dar hospitali. Wewe kazi inakusubiri, basi lako halitangoji, utapanda peke yako. Majibu yakitoka nitakupigia. Kuja kwake Mtwara, kama atakuja na lini, ni neno lake yeye. Ukitaka kumwomba radhi mwombe, na ukimaliza kuomba mwache anyamaze kadiri anavyotaka.

Nakuombea kwa Mungu kama ninavyokuombea kila siku, na leo zaidi.

Bado jambo moja. Mama mdogo wako amesema barua haitoshi. Alfajiri, kabla hujatoka, atakuwa amekaa ukumbini anakusubiri, anataka kukwambia kwa kinywa chake. Kaa chini mbele yake. Maneno yake yanachelewa, unajua, na mengine yatakosea njia. Tafadhali usimmalizie. Hata basi likiwa linapiga honi, msubiri mpaka aseme lote.

Mimi mama yako,
Mariamu